Siku ya Mvua Kati ya Shira na Barranco

Kila mwaka wapo Watanzania wanaopanda Kilimanjaro wakiilenga tarehe 9 Desemba, wapige picha kileleni pale ambapo Luteni Alexander Nyirenda alisimika bendera na mwenge usiku wa kuamkia Uhuru, mwaka 1961. Ni tarehe tamu kwa historia na chungu kwa soksi. Vuli huanza Oktoba, na Desemba mara nyingi inakuwa bado haijaaga. Ukichagua siku hiyo umechagua pia kutembea na mvua, na hakuna kampuni ya utalii itakayokurudishia fedha kwa sababu mawingu yamefanya kazi yake.

Haya ninayoandika ni ya anayepita njia ya Machame, hasa siku ya tatu: asubuhi unatoka kambi ya Shira, mita 3,840, mchana unafika Lava Tower, ule mnara wa mwamba, mita 4,630, jioni unalala Barranco, chini kidogo ya mita 4,000. Saa sita mpaka nane za mguu. Nimeichagua siku hii kwa sababu ndiyo ambayo watu hulowa vibaya, na wengi hawaitarajii.

Wanaitarajia siku ya kwanza. Msitu unaoanzia geti la Machame, mita 1,800 hivi, ndio unaokunywa maji mengi kuliko sehemu nyingine ya mlima. Ukanda ule wa kusini hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, karibu mara mbili ya Dar es Salaam, na kadiri unavyopanda ndivyo mvua inavyopungua mpaka kileleni kunabaki kukavu kama jangwa. Anayehesabu milimita peke yake ataihofia siku ya kwanza na kuidharau ya tatu. Lakini mvua ya msituni ina joto kiasi, miti inaipokea kabla yako, na upepo hauingii. Siku ile mimi hutembea na mwavuli, tena ule wa kawaida wa dukani. Huchekwa mpaka saa sita mchana, kisha huanza kuazimwa.

Lava Tower hakuna mti. Fanya hesabu mwenyewe: kwa wastani joto hupungua nyuzi 6 na nusu kwa kila mita 1,000 unazopanda. Moshi mjini ni mita 900 hivi. Ukiacha Moshi ikiwa na nyuzi 25, Lava Tower iko mita 3,700 juu yake; toa nyuzi 24. Imebaki moja. Sasa ongeza upepo, halafu ongeza kwamba maji huufyonza mwili joto kwa kasi ya mara 25 hivi kuliko hewa. Rasharasha ya nusu saa pale inaweza kukufanyia ambayo gharika ya saa nne msituni haikuweza.

Amana

Kulowa utalowa. Nalisema hili mapema kwa sababu watu hutumia fedha na akili nyingi kujaribu wafike Barranco wakavu, na hakuna anayefika. Jaketi zuri likikukinga na mvua, jasho litakulowesha kwa ndani. Likipitisha jasho, baada ya saa tano litapitisha na mvua. Kazi yako siku hiyo ni mbili: usikae ukapoa ukiwa umelowa, na ufike kambini ukiwa na seti moja ya nguo ambayo haijaguswa na tone.

Seti hiyo mimi naiita amana. Ina jozi moja ya soksi nene, suruali ya ndani ndefu, fulana ya mikono mirefu, sweta zito na kofia ya sufu. Na pamoja nayo mfuko wa kulalia. Mwenye amana ni wewe wa saa mbili usiku. Wewe wa saa saba mchana ni mtunzaji tu, na mtunzaji hana ruhusa ya kuvaa mali ya watu.

Hili nililipia. Mara yangu ya kwanza nilifika Lava Tower nikitetemeka, nikafungua begi, nikavaa nguo zote kavu, lile sweta zito juu ya fulana iliyolowa. Dakika kumi za raha. Kisha nikaanza kuteremka, jaketi likashindwa kwenye mabega, na sweta likanywa maji kama sifongo. Usiku ule Barranco nilikuwa na mfuko wa kulalia tu. Mwongozaji wetu alipita na tochi kuulizia hali, akaniona nimekaa nimejikunja.

“Dada, nguo za kulalia ziko wapi?”

“Nilizivaa njiani.”

Hakusema kitu. Alikwenda, akarudi na sweta la mmoja wa wapagazi, la kijani, limekatika kiwiko. Sweta lile sijalisahau. Wala sijasahau kwamba kuna mtu alilala bila hilo sweta.

Kuilinda amana ni kazi ya ndani ya begi. Ule mfuniko wa nje wa begi la mgongoni unasaidia mvua ya juu, lakini maji hupita mgongoni, mahali begi linapokutana na jaketi lako, yakashuka mpaka chini na kutuama humo humo ndani ya mfuniko. Nimewahi kuufungua nikamwaga kikombe kizima. Begi kubwa analokubebea mpagazi nalo hutiwa ndani ya gunia au mfuko mwingine, na bado usiliamini. Nguo zifungwe moja moja ndani ya kitu kisichopitisha maji.

Miongozo mingi ya ughaibuni itakwambia utie mfuko mkubwa wa taka ndani ya begi. Hapa kwetu mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku tangu 1 Juni 2019, na Kenya walitutangulia Agosti 2017, hivyo usipange safari ukitegemea rambo za kuokota nyumbani. Ukiweza, kodi mifuko maalumu isiyopitisha maji katika maduka ya vifaa Moshi. Mdomo wake hukunjwa mara tatu ndipo ukabanwa, na mara tatu ni tatu, si mbili. Usipoweza, nunua kwenye duka la vifaa vya ujenzi mita mbili za ile nailoni nene ambayo mafundi huitandika kabla ya kumwaga zege. Tandika, weka nguo katikati, kunja kama mwenye kufunga samaki kwenye jani la mgomba, funga kwa kamba. Haina sura lakini inafanya kazi, na usiku utaitandika chini ya godoro lako la hema.

Kununua mtumbani

Jaketi jipya la mvua la mlimani ni mshahara wa mtu. Nenda Memorial pale Moshi, au Karume ukiwa Dar es Salaam, lakini nenda ukijua unachokitafuta, kwa sababu muuzaji atakwambia kila jaketi lenye zipu ni la mvua.

Ligeuze ndani nje. Jaketi la kweli lina utepe uliogandishwa juu ya kila mshono. Ukiona utepe umeanza kubanduka, au ukichubuka ukikwaruza kwa ukucha, liache. Angalia mabegani na shingoni, ndipo begi lilipolisugua kwa mwenyewe wa kwanza huko Ulaya. Ndani kukiwa na ungaunga mweupe, ama kunanata ukikunja, utando umekufa na hakuna fundi wa kuufufua. Kisha omba maji ya kunywa, mwagia kifuniko kimoja begani. Matone yakisimama na kuviringika, vizuri. Yakitandaa na kitambaa kikabadilika rangi, jaketi bado linaweza kufaa, maana tabaka la nje huweza kurudishwa kwa dawa ya kupulizia, lakini bei ishuke. Zipu ifunge na kuifungua mara tano. Mikono ikiwa na ganzi, zipu mbovu ni adui.

Sweta la sufu ndilo bahati kubwa ya mtumbani, kwa sababu watu wa mijini hawalitaki na bei yake ni ya kutupa. Sufu ikilowa bado hubakiza joto. Pamba haibakizi. Jinzi uiache nyumbani kabisa. Ikilowa ina uzito wa mtoto, na haikauki mpaka urudi Moshi. Fulana ya pamba iliyochapishwa jina la kikundi chenu ni ya picha, itie kwenye amana uivae kileleni juu ya nyingine.

Mikononi nitakupa siri isiyo na gharama. Nunua glavu za mpira za kuoshea vyombo, saizi kubwa kuliko yako, uzivae juu ya glavu za sufu. Wageni wenye glavu za dola mia watakuangalia kwa dharau hadi Lava Tower, kisha watauliza umezinunua wapi.

Kutembea

Mawingu ya Kilimanjaro mara nyingi hupanda kadiri siku inavyokua. Asubuhi unaweza kuuona mlima wote, saa sita huoni kidole cha mguu. Kwa hiyo kutoka mapema kuna maana. Ikifika saa moja na nusu uwe na begi mgongoni. Anza ukisikia baridi kidogo. Anayeondoka Shira akiwa amejivika kila kitu, baada ya dakika kumi na tano anatiririka jasho, na jasho nalo ni maji, tena yameshaingia ndani bila kubisha hodi.

Jaketi la mvua livae matone ya kwanza yanapodondoka, usingoje uone kama itazidi. Suruali ya mvua vivyo hivyo. Kuivaa juu ya viatu vyenye matope ukiwa umesimama kwa mguu mmoja kwenye upepo ni mchezo wa sarakasi. Halafu fungua zipu za makwapani, fungua shingoni kidogo, uache mvuke utoke. Poncho ni nzuri msituni kwa sababu inafunika na begi, lakini Shira kwenda juu upepo huigeuza tanga, na wewe si jahazi.

Mwendo uwe ule ule wa pole pole unaoimbwa na kila mwongozaji, ila vituo viwe vifupi. Siku ya jua unaweza kukaa dakika kumi na tano juu ya jiwe. Siku ya mvua, dakika tatu zinatosha: kunywa, tafuna, ondoka. Ndiyo maana chakula cha njiani kiwe cha mfukoni, kisichohitaji kufungua begi wala kuvua glavu. Mimi nabeba kashata za karanga, zimekatwa vipande vya kuingia mdomoni kwa mara moja. Chokoleti kwenye baridi ile huwa jiwe. Na kunywa maji; mvua humdanganya mtu kwamba hana kiu, na katika mwinuko ule mwili unahitaji lita tatu hivi kwa siku. Chupa ndogo ya chai ya tangawizi yenye sukari nyingi, ya kuningʼinia ubavuni, ina thamani kuliko kamera yako.

Kuhusu mahali pa kukanyaga: jiwe lililolowa lenye rangi nyeusi inayongʼaa lina utelezi, la kijivu lenye mikwaruzo lina msuguano. Kwenye njia iliyojaa maji pita katikati, viatu vimeshalowa tu. Kila anayekwepa pembeni anaipanua njia, mvua inayofuata inaichimba, na mwaka unaofuata mnapita mtoni. Kijito kilichojaa usikivuke kwa kiburi. Mwache mwongozaji apime kwa fimbo, fungua mkanda wa begi wa kiunoni ili ukianguka uweze kulitupa, na kama maji yana rangi ya chai ya maziwa na unasikia mawe yakigongana chini, subirini. Vijito vya mlimani hujaa haraka na hupungua haraka.

Watu wa milima ya Rwenzori, kule Uganda, wametatua suala la viatu kwa kuvaa gambuti, kwa sababu njia zao ni tope la magotini siku nzima. Machame usiige. Mawe ya Lava Tower na Barranco yanataka kiatu kinachoshika kifundo cha mguu.

Lava Tower, na lini usiende

Shabaha ya kupanda mpaka mita 4,630 kisha kushuka kulala chini ni kuuzoesha mwili hewa nyepesi. Ni jambo jema, na kampuni hujivunia. Lakini kuna njia ya chini inayokatisha kwenda Barranco bila kugusa mnara ule, na ndiyo wapagazi wengi hupita. Mvua ikichanganyika na theluji, au radi ikianza kuzungumza, muulize mwongozaji kuhusu njia hiyo kabla ya njia panda, si baada. Utapoteza kidogo katika kuzoea hewa. Ni hasara unayoweza kuifidia kwa kutembea taratibu kesho yake.

Radi haitanii kule juu. Ukiona mwanga, hesabu sekunde mpaka usikie mngurumo. Kila sekunde tatu ni kilomita moja hivi. Ikiwa chini ya sekunde kumi, ondokeni mgongoni mwa mlima mara moja, teremkeni, mtawanyike hatua kadhaa kila mmoja, fimbo za chuma ziwekwe mbali. Usijibanze chini ya jiwe lililochomoza wala usiegemee mnara wenyewe, maana umeme hupita kwenye miamba. Nililelewa nikiambiwa nivue nguo nyekundu radi ikipiga. Rangi haina habari na radi. Kinachohesabika ni kusimama peke yako mahali palipoinuka.

Kama mnakula mchana pale, kula ndani ya hema la kulia, keti juu ya begi na si juu ya jiwe, na usikae zaidi ya dakika ishirini na tano. Supu ya tango ndiyo inayokuja mara nyingi. Hakuna anayeisifia mjini, na kule juu hakuna anayeibakiza. Vua jaketi la mvua ukila ili joto la ndani lipate nafasi, ila amana usiiguse. Wala sweta, wala soksi. Najua.

Sasa sikiliza sehemu hii kwa makini. Mtu anayepoteza joto haanzi kwa kuanguka. Anaanza kwa kutetemeka, kisha anashindwa kufunga zipu, anadondosha fimbo, anajikwaa mahali pasipo na kitu, maneno yanaanza kukokota kama ya mlevi. Mwili wa kawaida una nyuzi 37. Ukishuka chini ya 35 akili nayo inashuka, na ndiyo sababu mwenyewe hatakwambia kuwa ana shida. Atakwambia yuko poa. Usimuulize hali, mpe kazi: afunge kamba ya kiatu, ahesabu kurudi nyuma toka ishirini. Na kama alikuwa akitetemeka sana halafu ametulia bila kupata joto lolote, hali yake imekuwa mbaya zaidi.

Ugonjwa wa mwinuko nao hupepesua watu na kuwachanganya, pamoja na kichwa kuuma na kichefuchefu. Usipoteze muda kubishana ni upi kati ya hiyo miwili. Mvueni nguo zilizolowa, mvikeni kavu, mfunikeni, mpeni kinywaji cha moto chenye sukari ikiwa anaweza kumeza, na teremkeni naye. Hapa, na hapa tu, amana inafunguliwa njiani. Ikiwa ni yako na mgonjwa ni mwenzako, itoe.

Barranco, dakika thelathini za kwanza

Toka Lava Tower unashuka saa mbili mpaka tatu, na ukungu ukiachia utajikuta kati ya mimea mikubwa ya senesio, mirefu kuliko mtu, kila mmoja umevaa majani yake makavu ya zamani kuuzunguka shina. Hauyaangushi. Ndiyo blanketi lake dhidi ya baridi ya usiku. Mara ya pili nilipopita pale niliyaangalia kwa wivu.

Ukifika kambini utataka kujitupa ndani ya hema kama ulivyo. Usifanye hivyo. Ukiingia na maji, umeleta mvua ndani, na mfuko wa kulalia utaipata sehemu yake. Keti mlangoni, miguu nje, vua viatu na suruali ya mvua, viache chini ya ukumbi mdogo wa hema. Jaketi la mvua livue mwisho, likungʼute nje. Ingia. Zifungie zilizolowa zote upande mmoja wa hema, upande wa miguuni. Jifute mwili mzima kwa kitambaa, mpaka kati ya vidole vya miguu. Sasa fungua amana. Kofia kwanza, kabla hata ya suruali, kisha soksi mwisho ukiwa umeshakaa juu ya godoro. Ukimaliza, kunywa kitu cha moto kabla ya kulala chini, kwa sababu mfuko wa kulalia hautengenezi joto, unatunza ulilonalo.

Wengine huomba jiko liletwe hemani wajikaushe. Kataa, hata kama mpishi ni mkarimu. Jiko ndani ya hema lililofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na mtu husinzia tu, asiamke. Badala yake omba maji ya moto kwenye chupa yako ngumu, ibane kifuniko, itie ndani ya soksi iliyolowa na ulale nayo kati ya mapaja. Asubuhi utakuwa na soksi iliyokauka nusu na maji ya kunywa yasiyoganda. Glavu zilizolowa zilaze tumboni, juu ya fulana. Viatu usivisogeze kwenye moto, gundi huachia. Vijaze gazeti, na ulibadilishe kabla ya kulala. Ndiyo, beba gazeti. Simu na betri za tochi lala nazo pia, baridi huzimaliza.

Kabla hujafunga zipu ya hema, toka mara moja uwaangalie wagumu, kama wapagazi wanavyoitwa mlimani. Wametembea mvua ile ile wakiwa na mzigo ambao kwa kanuni za hifadhi hauzidi kilo 20, na wengine bado hulala kwenye hema la kulia wageni wakishatoka. Kwa hiyo maongezi yako marefu baada ya chakula ni usingizi wa mtu mwingine unaochelewa. Kabla ya safari iulize kampuni yako, kwa maandishi, wapagazi wanalala wapi na wanavaa nini. Pale Moshi kuna Mradi wa Kusaidia Wapagazi wa Kilimanjaro, unaojulikana kama KPAP, ambao huwaazimisha wapagazi nguo za mlimani bila malipo, hivyo kisingizio cha kwamba nguo hazipatikani hakina miguu. Mimi tangu lile sweta la kijani hubeba sweta la ziada la sufu ambalo si langu wala si amana. Huliacha mlimani kila safari.

Asubuhi

Hema limenyamaza. Mvua imekata saa tisa usiku, na ukichungulia utaona ukuta wa Barranco mbele yako, mweusi, umelowa, na taa za wanaowahi zimeanza kuupanda. Usiwe miongoni mwao. Subiri mwanga kamili, fimbo zifungwe begini kwa sababu pale unahitaji mikono yote miwili, na lile jiwe wanalolibusu wapandaji litakuwa na utelezi zaidi ya kawaida.

Lakini kwanza kuna kazi moja. Vua amana. Vua fulana kavu, suruali kavu, na soksi zile nene ambazo zimekufanya uone usiku kama nyumbani. Zikunje, zifunge kwenye nailoni, kamba ikaze. Kisha vuta zile za jana kutoka upande wa miguuni. Zitakuwa baridi na nzito, na zitanuka kama mbuzi aliyenyeshewa. Vaa haraka, usifikirie, anza na fulana ndipo uende miguuni. Soksi ya pili ni ngumu kuliko ya kwanza, kwa kuwa sasa mguu unajua kinachokuja. Baada ya dakika saba za kupanda utakuwa umezisahau.